Neno na Mpaka: Kwa Nini Maana Itafutwe Nyansiongo

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii hufundishwa katika madarasa ya fasihi simulizi, ikaandikwa ubaoni, ikafafanuliwa, kisha ikafutwa. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa swali la msingi lililomo ndani yake: je, ulimi hujikwaa juu ya nini? Dole hujikwaa kwenye kisiki, nacho kisiki huonekana. Ulimi hujikwaa juu ya jambo ambalo aghalabu halimo katika sentensi yenyewe. Hujikwaa juu ya msikilizaji, mahali, wakati, na kumbukumbu ambazo sentensi ile inaziamsha. Anayetaka kuifafanua methali hiyo kikamilifu hana budi kutoka katika sarufi na kuingia katika jamii.

Makala haya yanashikilia kwamba mafunzo ya isimu katika idara nyingi za Kiswahili yamemzoesha mwanafunzi kuitafuta maana mahali ambapo sehemu yake ndogo tu ndiyo hupatikana. Sentensi hutungwa na mhadhiri, hukatwakatwa vipande, na maana yake hutajwa kana kwamba hakuna mtu aliyeisema wala aliyeisikia. Isimujamii nayo hufundishwa, lakini mara nyingi hufundishwa kwa kukariri majina ya wataalamu na fasili zao. Kasoro hiyo haiishii kwenye karatasi ya mtihani. Nchini Kenya, gharama yake imeonekana mahakamani, katika mikutano ya kisiasa, na katika mipaka ya jamii ambako neno moja la Kiswahili limewahi kutangulia moto. Nyansiongo ni mojawapo ya mahali pafaapo pa kulitazamia jambo hili.

Nyansiongo na lugha zake

Nyansiongo ni mji mdogo ulioko Borabu, katika Kaunti ya Nyamira. Kwa msafiri atokaye mjini Kisii, ambako mashamba ni madogo na nyumba zimesongamana, Borabu huonekana kama nchi nyingine. Mashamba ni mapana zaidi, chai imetanda vilimani, na ng'ombe wa maziwa hulishwa katika nyua zilizozungushiwa ua. Tofauti hiyo ina historia. Ardhi hii ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu enzi za ukoloni, na katika miaka ya 1960, Kenya ilipojipatia uhuru, iligawanywa kupitia miradi ya makazi, familia za Wakisii zikahamia huko. Ng'ambo ya mpaka wako Wakipsigis wa Sotik, katika Kaunti ya Bomet. Soko la Chebilat liko papo hapo mpakani, na wauzaji na wanunuzi wake hutoka pande zote mbili.

Kwa mtazamo wa kiisimu, mahali hapa pana utajiri mkubwa. Ekegusii ni lugha ya Kibantu, jamaa wa karibu wa Kikuria, lakini imezungukwa kwa kiasi kikubwa na lugha zisizo za Kibantu: Kijaluo, Kipsigis na Kimaasai. Mkisii na Mkipsigis hawawezi kubahatisha maana kwa kufananisha mizizi ya maneno, kama awezavyo Mkisii anapomsikiliza Mkuria. Wasipokuwa wamejifunza lugha ya jirani, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Ndicho Kiswahili cha kupatana bei ya ndama, cha kuulizia njia, cha kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba, na cha kupigiana simu kuhusu deni. Kiswahili hapa si lugha ya mama ya upande wowote, na kwa sababu hiyo kinabeba mizigo ya pande zote.

Hebu mwanafunzi wa Kiswahili aanze na neno alilojifunza kabla ya kujua kusoma: baba. Katika Kiswahili, baba ni mzazi wa kiume. Katika Ekegusii, mtoto anayeita "baba" anamwita mama yake, na mzazi wa kiume huitwa "tata". Sauti ni zilezile, mpangilio wake ni uleule, lakini aitwaye ni mwingine. Mtoto wa Nyansiongo anayeingia shule hujifunza mapema kwamba hawezi kujua nani anaitwa mpaka ajue nani anaita, kwa lugha gani, na mbele ya nani. Tena si Ekegusii pekee kinachothibitisha jambo hilo. Katika pwani ya Waswahili, mama humwita mwanawe mdogo wa kiume "baba" kwa mapenzi, na hakuna anayedhani kwamba amekosea nasaba. Kamusi itaeleza neno. Uhusiano wa wasemaji ndio utakaoeleza mwito.

Mfano wa pili ni salamu. Asubuhi Mkisii husema "Bwakire", yaani kumekucha. Mkipsigis husema "Chamgei". Wakikutana sokoni, huenda wote wawili wakaangukia "Habari". Anayeamkua kwa "Bwakire" hatoi taarifa za hali ya mbingu, kwa kuwa anayeamkuliwa anaona jua mwenyewe. Bronislaw Malinowski, aliyeishi miongoni mwa wenyeji wa Visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alieleza katika insha yake ya 1923 kwamba maneno ya namna hii hayapelekei mtu habari, bali hufunga fundo la ujirani. Akasisitiza kwamba usemi hauwezi kueleweka nje ya muktadha wa hali uliouzaa. Sasa mtu na afikirie Mkisii anayemwamkua jirani yake wa Sotik kwa "Chamgei" badala ya "Habari". Tafsiri haijabadilika kwa kiasi kikubwa. Kilichobadilika ni umbali kati ya watu wawili, na umbali huo ni sehemu ya maana.

Mfano wa tatu ni wa adabu. Mteja katika hoteli ya Kenya husema "Nipe chai", na mhudumu haoni ubaya. Mtanzania akisikia hivyo hushtuka, kwani kwake kauli ya heshima ni "Naomba chai". Wako Wakenya wasemao "Nisaidie na chai", na hapo Mtanzania huenda akashangaa chai imeingiaje katika msaada. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba "nipe" ni kitenzi katika hali ya kuamrisha, kisha akaishia hapo, atahitimisha kwamba Wakenya hawana adabu. Hitimisho hilo ni la haraka. Adabu imo katika desturi za jamii zinazoamua umbo lipi la kitenzi litahesabiwa kuwa ombi na lipi litahesabiwa kuwa amri.

Wataalamu walivyoifikia njia hii

Fikra kwamba lugha ichunguzwe ndani ya matumizi yake si ngeni, wala haikuletwa na mtu mmoja. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alionyesha katika kitabu kilichochapishwa 1962, baada ya kifo chake, kwamba kusema ni kutenda. Anayesema "naahidi" hasimulii ahadi, bali anaitoa. William Labov alikwenda katika kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, na katika utafiti aliouchapisha 1963 akaonyesha kwamba jinsi wenyeji walivyotamka irabu fulani ilihusiana na jinsi walivyojitambua mbele ya wageni waliomiminika kisiwani. Mabadiliko madogo ya sauti yalikuwa yakisema, pasi na kusema, "sisi ni wa hapa".

Dell Hymes ndiye aliyetoa hoja iliyogusa moja kwa moja ufundishaji wa lugha. Alidai kwamba kujua lugha hakutoshi kuelezwa kama uwezo wa kuunda sentensi zilizo sahihi kisarufi. Mtoto anayejua sentensi zote sahihi za lugha yake lakini hajui lini aseme, lini anyamaze, amwambie nani, na kwa namna gani, angekuwa kioja katika jamii yake. Ujuzi huo mpana ndio unaoitwa umilisi wa kimawasiliano. Hymes alipendekeza vipengele vinane vya kuzingatiwa katika tukio lolote la usemi: mahali na wakati, washiriki, malengo, mfuatano wa vitendo vya usemi, mwelekeo wa sauti na hisia, njia na lugha iliyotumiwa, kaida za jamii, na utanzu. Vipengele hivi hukaririwa na wanafunzi kila muhula. Thamani yake haionekani mpaka vitumiwe.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, mwanafunzi hana haja ya kuazima mifano ya kigeni pekee. Carol Myers-Scotton alikusanya sehemu kubwa ya data zake nchini Kenya, na kitabu chake kuhusu sababu za kijamii za kubadili msimbo kilitoka 1993. Katika mfano wake mmoja unaofahamika sana, kutoka eneo la Waluhya magharibi mwa Kenya, mkulima anamwomba pesa mtu mwenye mshahara. Mwombwaji anajibu kwamba mwenzake ana shamba, na analisema jambo hilohilo kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yao ya nyumbani. Atakayetafsiri tu ataona kurudiarudia kusiko na maana. Atakayesikiliza kama mwanajamii ataona mlango unaofungwa kwa hatua tatu.

W. H. Whiteley, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam, na aliyeandika historia ya kukua kwa Kiswahili kama lugha ya taifa mwaka 1969, ndiye pia aliyeandika utangulizi wa lugha ya Ekegusii uliotoka 1956 pamoja na uchunguzi wa njeo za lugha hiyo uliotoka 1960. Kwake, lugha ya nyanda za Kisii na lugha ya pwani vilikaa juu ya meza moja. Karibu zaidi na siku hizi, Nathan Ogechi, mtaalamu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Moi, aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 2002 kuhusu ubadilishaji msimbo unaohusisha Ekegusii, Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Kwa hivyo njia ya kuelekea Nyansiongo imekwishafyekwa, ingawa wanaoipita ni wachache.

Doa na madoadoa

Mifano ya chai na salamu huenda ikamfanya msomaji adhani kwamba suala hili ni la adabu tu. Liko neno jingine linaloonyesha uzito wake. Doa ni alama ya rangi tofauti juu ya kitu: juu ya nguo, juu ya ngozi, juu ya mnyama. Kisitiari, doa ni dosari katika sifa ya mtu. Katika jamii za wafugaji, ng'ombe mwenye madoadoa si ng'ombe mbaya; huenda akawa ndiye anayependeza kuliko wote zizini. Mwanafunzi wa semantiki akipewa neno "madoadoa" atasema kwamba ni nomino katika wingi, iliyorudufishwa ili kuonyesha kutapakaa. Atakuwa sahihi, na hatakuwa amesema lolote kuhusu kilicholifanya neno hilo litisha.

Katika ghasia za kikabila za miaka ya 1990 nchini Kenya, na tena katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, neno hilo lilitumiwa kuwarejelea watu wa jamii nyingine waliokuwa wakiishi katika maeneo ya Bonde la Ufa. "Kuondoa madoadoa" kukawa na maana ya kuwaondoa majirani. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133. Mpaka wa Borabu na Sotik ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyokumbwa na mapigano mwanzoni mwa 2008. Nyumba ziliteketezwa na watu wakahama. Wakazi wengi wa Nyansiongo waliokuwa watu wazima wakati huo wangali hai. Wao hawalisikii neno "madoadoa" kama wanavyolisikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliozaliwa baada ya mapigano hayo.

Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka neno hilo katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, akakamatwa. Baadaye alijitetea kwamba hakuwa na nia ya kuchochea, na kwamba alikusudia mambo ya upigaji kura wa chama chake. Makala haya hayahukumu nia yake. Linalofaa kuzingatiwa na mwanaisimu ni kwamba pande zote mbili za mjadala ule zilitegemea dai la kiisimu. Mmoja alisema kwamba maana ni ile aliyokusudia msemaji. Mwingine alisema kwamba maana ni ile aliyoipokea msikilizaji. Wote wawili walikuwa wameshika upande mmoja wa kamba.

Vipengele vya Hymes vikitumiwa hapa, vinaacha kuwa orodha ya kukariri. Mahali ni Eldoret, mji ulioumia sana katika ghasia za 2007 na 2008. Wakati ni mwaka wa uchaguzi. Washiriki ni kiongozi jukwaani, umati ulio mbele yake, na watu wasiokuwapo ambao huenda ndio wanaozungumziwa. Utanzu ni hotuba ya kampeni, si maelezo ya daktari wa ngozi. Lugha ni Kiswahili, kinachoeleweka na jamii zote, jambo linaloifanya kauli ivuke mipaka kwa haraka kuliko ambavyo ingevuka kwa lugha ya jamii moja. Kaida ni kumbukumbu ya pamoja kwamba neno hili liliwahi kutumiwa kabla ya nyumba kuchomwa. Baada ya kuvipima vipengele hivyo, mwanaisimu anaweza kusema kwa uwajibikaji uwezekano wa neno lile kueleweka hivi au vile. Pasipo kuvipima, atakuwa anabahatisha kama mtu mwingine yeyote.

Sheria inataka muktadha, orodha inataka neno

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, katika kifungu chake cha 13, inalitambua jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya sarufi. Haiharamishi neno lolote kwa jina. Inaharamisha matumizi ya maneno ya vitisho, matusi au dharau iwapo mtumiaji amekusudia kuchochea chuki ya kikabila, au iwapo, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki hiyo inaelekea kuchochewa. Maneno "mazingira yote" ni mlango ambao sheria imemfungulia mwanaisimu. Inamtaka aeleze mazingira hayo kwa ushahidi.

Hata hivyo, Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti mwaka huo, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno zaidi ya 20 yaliyotajwa kuwa ya chuki au ya uchochezi. Yalikuwemo "madoadoa", "kwekwe" na "mende", na yalikuwemo pia "watajua hawajui" na neno la Sheng "hatupangwingwi". Nia ya orodha hiyo inaeleweka. Wananchi walihitaji onyo, polisi walihitaji mwongozo, na muda ulikuwa mfupi. Lakini kwa mizani ya isimu, orodha ina upungufu wa aina mbili.

Kwanza, orodha hunasa wasio na hatia. Mkulima wa Borabu akisema shamba lake la mahindi limevamiwa na kwekwe, anazungumzia magugu. Mama akilalamikia mende jikoni, anazungumzia wadudu. Ama "watajua hawajui", hakuna hata neno moja ndani yake lililo ovu. Ni kitenzi kimoja kilichotajwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kukubali na mara ya pili kwa kukanusha. Ikiwa kuna kitisho, kimo katika nani anamwambia nani. Pili, orodha huwaachilia wenye hila. Mchochezi akikatazwa neno la jana, atabuni la kesho, na wafuasi wake watalielewa kabla ya tume kukutana. Neno "hatupangwingwi" lenyewe ni ushahidi wa wepesi huo wa kubuni: ni mchezo wa vijana juu ya kitenzi "kupanga", ukachukuliwa na wanasiasa, ukawa kaulimbiu. Anayeyafukuza maneno mojamoja atachoka kabla ya lugha kuchoka.

Isitoshe, kesi inapofika mahakamani huhitajika shahidi wa lugha. Shahidi huyo akisimama na kamusi pekee, atasema kwamba doa ni alama, na anayestahili adhabu atakwenda zake. Akisimama na orodha pekee, atasema kwamba neno hili ni la chuki daima, na huenda asiyestahili akafungwa. Haki inamhitaji shahidi wa tatu, mwenye kumbukumbu za matumizi halisi: neno limetumiwa wapi, lini, na nani, na waliolisikia walifanya nini. Kumbukumbu za namna hiyo haziwezi kuokotwa wiki ya kesi. Hukusanywa kwa miaka, wakati wa amani, na watu waliofundishwa kusikiliza. Mahali pa kuwafundishia ni idara za Kiswahili.

Pingamizi

Kuna wasomi watakaodai kwamba mwelekeo huu utaudhoofisha usanifu. Watasema kwamba mwanafunzi akizoea kuchunguza "nisaidie na chai" na "hatupangwingwi", atasahau Kiswahili fasaha. Hofu hii si ya kupuuzwa, kwa maana walimu huona insha za wanafunzi na kusikitika. Lakini kuchunguza si kuhimiza. Tabibu anayechunguza homa hawi mshabiki wa homa, na tena Kiswahili cha Nyansiongo si homa. Mwanafunzi anayejua kwa nini umbo fulani hufaa sokoni na halifai katika tasnifu ndiye atakayekitumia Kiswahili sanifu kwa kukusudia, si kwa kuogopa wino mwekundu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Labov mwenyewe alikiri kwamba mtafiti anataka kujua watu husemaje wasipochunguzwa, ilhali hawezi kujua pasipo kuwachunguza. Nyansiongo na Chebilat huongeza ugumu mwingine. Mgeni anayefika mpakani na kinasa sauti, akiuliza majirani huitana majina gani wakati wa hasira, anaweza kuamsha kilicholala. Anaweza pia kuondoka na sauti ya mtu ambayo ikifika mikononi mwa watu wabaya itamdhuru. Kuna zaidi ya hayo adabu ya haya ambayo Wakisii huiita "chinsoni", inayotawala jambo gani hunenwa mbele ya nani, hasa kati ya mzazi na mtoto. Kijana wa chuo akimkabili omogaka, yaani mzee, kwa maswali ambayo mwanawe wa kumzaa hangethubutu kuyauliza, hatapata data. Atapata ukimya, na ukimya huo ataurekodi kama ukosefu wa maarifa.

Pingamizi hili halivunji hoja. Linaipa masharti. Utafiti uombewe ridhaa kwa lugha ambayo mhojiwa anaielewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ifuatwe, na majina yafichwe. Aidha, mtafiti aanze na maneno ya kujenga, kama salamu, utani, kupatana bei na kuomba radhi, kabla ya kugusa yale ya kubomoa. Yeye anayejua majirani hupatanaje kwa Kiswahili yuko nusu ya safari ya kujua hukosanaje.

Lifanywe nini

Mapendekezo yanayofuata hayahitaji fedha nyingi. Mosi, kila mwanafunzi anayesoma isimujamii au pragmatiki akusanye, kwa ridhaa, mazungumzo halisi ya Kiswahili kutoka eneo analolijua, ayanukuu jinsi yalivyosemwa, na kuyaeleza kwa vipengele vya muktadha. Tasnifu ya shahada ya kwanza iliyojengwa juu ya saa moja ya mazungumzo yaliyonukuliwa kwa uaminifu ina faida kuliko kurasa themanini za fasili zilizonakiliwa. Pili, katika maeneo ya mpaka, wanafunzi wafanye kazi wawiliwawili: msemaji wa Ekegusii na msemaji wa Kipsigis. Kila mmoja atasikia asichosikia mwenzake, na kutofautiana kwao juu ya maana ya kauli moja kutakuwa data yenyewe. Tatu, idara zihifadhi kumbukumbu hizo pamoja, kwa utaratibu wa kulinda waliohojiwa, ili mtafiti wa miaka 20 ijayo ajue neno lilianza lini kubadilika. Nne, maswali ya mtihani yabadilike. Badala ya kumtaka mtahiniwa ataje vipengele vinane vya Hymes, apewe usemi mmoja na wasikilizaji wawili, aeleze kwa nini kila mmoja ameusikia tofauti.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya pekee katika jambo hili. Huandaa makongamano, hukutanisha vyuo, na husafiri. Aghalabu safari hizo huelekea pwani, kwa sababu nzuri: huko ndiko kwenye chimbuko la lugha na utajiri wa ushairi wake. Lakini Kiswahili hakiishi Lamu na Unguja tu. Kinaishi pia mahali ambapo hakina mzaliwa, ambapo watu wa lugha mbili zisizofanana wanakishika kila mmoja kwa upande wake ili waweze kuuziana ndama. Safari moja ya mwaka ikielekezwa Nyansiongo, au mahali pengine kama hapo, itakuwa safari ya kisomo kamili.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo ina wajibu wake. Lugha inayowaunganisha watu wote ndiyo pia inayoweza kufikisha tishio kwa watu wote, na anayeifanya kuwa taaluma yake hawezi kudai kwamba yeye hushughulika na viambishi tu. Ipo siku mwanafunzi wa leo ataitwa atoe maelezo juu ya neno lililosemwa mpakani. Siku hiyo atahitaji kujua ni nani wanaosalimiana Chebilat asubuhi, kwa lugha gani, na ni salamu ipi iliyoacha kusikika.